Kipakiti cha kwenye boksi la viatu na vumbi la mgodini: kwa nini silika moja haidhuru na nyingine inaharibu mapafu

Ukifungua boksi la viatu vipya, mkoba au redio, mara nyingi utakuta kipakiti kidogo chenye punje ngumu ndani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kisiliwe. Wazazi wengi hukitupa haraka kabla mtoto hajakiona. Wengine huamini kabisa kwamba ni sumu ya panya.

Si sumu ya panya. Ni silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoungana, vitu vile vile vilivyomo kwenye mchanga wa ufukweni na kwenye kioo cha dirisha. Mtoto akimeza punje mbili tatu, zitapita tumboni na kutoka zilivyoingia.

Lakini silika hiyo hiyo, ikiwa ni vumbi la jiwe lililotoka kupasuliwa, ndiyo inayojaza makovu kwenye mapafu ya wachimbaji wa madini, wachonga mawe na wanaokata granaiti kwa grinda. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa.

Kitu kimoja kinawezaje kuwa salama kwenye boksi la viatu na kuua mgodini? Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye kipande kidogo sana cha kemia kinachoitwa silanoli.

Mkono uliokosa wa kumshika

Chukulia atomu ya silikoni ina mikono minne na ya oksijeni ina miwili. Ndani ya jiwe, kila silikoni imeshika oksijeni nne, na kila oksijeni imeshika silikoni mbili, moja huku na moja kule. Kila mkono una kazi. Ndiyo maana mawe ya aina hii ni magumu na hayayeyuki kwenye maji.

Shida iko kwenye uso wa jiwe, pale linapoishia. Oksijeni ya pembeni imeshika silikoni kwa mkono mmoja, mwingine unaelea. Hewani daima kuna mvuke wa maji, na mkono huo hauchelewi kuchukua hidrojeni kutoka kwenye maji. Ukipata silikoni, kisha oksijeni, kisha hidrojeni mwishoni, hiyo ndiyo silanoli. Wakemia huiandika Si-O-H.

Silanoli ina tabia mbili zinazoeleza karibu mambo yote yaliyomo kwenye makala hii. Kwanza, hupenda sana maji, huyavuta na kuyashikilia. Pili, silanoli mbili zikikutana katika mazingira yanayofaa huungana: zinatoa molekuli moja ya maji, na kati yao linabaki daraja imara la silikoni, oksijeni, silikoni.

Maneno yenyewe yanachanganya kidogo. Kwa Kiswahili silika ni tabia ya kuzaliwa nayo, na hapa ni madini. Silikoni nayo ni jina la elementi, lakini fundi wa madirisha akisema "lete silikoni" anataka gundi. Elementi hiyo inachukua takriban asilimia 28 ya uzito wa gamba la dunia, ikizidiwa na oksijeni peke yake. Kwa hiyo silanoli si kitu adimu cha maabara. Ipo kwenye kila punje ya mchanga unayoikanyaga na kwenye kila glasi unayonywea maji.

Nusu uwanja wa mpira ndani ya kipakiti

Punje za kwenye kipakiti zinaonekana kama shanga laini, ila kwa ndani zimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu hivyo ukizikunjua na kuzitandaza, gramu moja tu inaweza kufikia mita za mraba 700. Kipakiti cha gramu 5 kinafika mita za mraba 3,500, karibu nusu ya uwanja wa mpira wa miguu.

Uso huo wote umefunikwa na silanoli, kiasi cha 5 hivi kwa kila nanomita moja ya mraba. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, basi hesabu mwenyewe zimo ngapi.

Mvuke wa maji ukiingia, molekuli za kwanza hunaswa na silanoli. Zinazofuata hushikamana na maji yaliyotangulia, mpaka vitundu vinajaa. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, silika ya namna hii inaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 40 ya uzito wake na bado ukiishika ni kavu mkononi. Aliyepata hataza ya kuitengeneza kwa wingi ni mkemia Walter Patrick wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1919.

Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako unyevu wa bahari huotesha ukungu kwenye lenzi za kamera na vyeti vilivyofungiwa kabatini, kutupa vipakiti hivi ni hasara. Kusanya vichache, weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na kifaa chako. Vikishachoka, toa punje, zitandaze kwenye trei na uzipashe kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 hivi kwa saa kadhaa. Maji yanatoka, silanoli zinabaki, kazi inaanza upya. Usiingize pakiti yenyewe, nyingine ni za plastiki na zitayeyuka.

Kuna tahadhari mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba kipakiti kizima kinaweza kumkaba mtoto mdogo kooni, na hilo ndilo la kuogopa kuliko kilichomo. Ya pili ni punje za bluu, zile zinazogeuka waridi zikishiba maji. Rangi hiyo mara nyingi hutokana na kobalti kloridi, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hizo usizimeze, na usizipashe kwenye oveni ya chakula. Zenye rangi ya chungwa zilitengenezwa kwa sababu ya wasiwasi huo.

Ile harufu ya siki kwa fundi wa madirisha

Tabia ya pili ya silanoli, ya kuungana zenyewe kwa zenyewe, utaikuta kwa fundi wa aluminiamu. Anakata ncha ya chupa, anaiweka kwenye bunduki ya kusukumia, anapitisha gundi pembeni mwa kioo. Mara chumba kizima kinanuka siki. Hata siyo mfano tu: kinachonuka ni asidi ya asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki ya kachumbari.

Ndani ya chupa, gundi imezuiwa isiungane. Ncha za minyororo yake zimefunikwa na vipande vya asidi hiyo, kama chupa iliyotiwa kizibo. Ikitoka nje, mvuke wa maji hewani unang'oa vizibo, asidi inaruka puani kwako, na palipokuwa na kizibo panabaki silanoli. Silanoli hizo zinaanza kushikana, mnyororo kwa mnyororo, hadi gundi laini inakuwa mpira.

Kioo nacho kina silanoli zake usoni. Gundi inashikana nazo pia, na ndiyo sababu inang'ang'ania kioo kiasi kwamba matangi ya samaki hujengwa kwa gundi hiyo peke yake.

Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwa nini fundi akikuambia usubiri, anasema kweli. Gundi inakauka kuanzia nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 hivi kwa siku, kwa sababu inangoja unyevu upenye. Msimu wa ukavu inachelewa zaidi. Juu inaweza kuwa imekaza huku ndani bado ni uji. Na asidi hiyo hula shaba, mabati na mawe ya chokaa, kwa hiyo kwenye marumaru halisi au saruji mbichi inafaa ile isiyotoa harufu ya siki.

Aliyetangulia kuona haya alikuwa Mwingereza Frederic Kipping. Alifundisha Nottingham, na kuanzia 1899 alitoa maandishi mengi kuhusu silikoni kwa karibu miaka 40. Alitaka kristali safi za kuchunguza, akawa anapata mabaki ya kunata yaliyokuwa yakimharibia kazi: silanoli zake hazikukaa moja moja, zilikuwa zikiungana. Katika mhadhara uliochapishwa 1937, alisema haoni dalili ya maendeleo makubwa ya karibuni kwenye fani hiyo. Mwaka 1943, kampuni ya Dow Corning ilikuwa tayari imeanzishwa Marekani kuuza vitu vya jamii ya ule ule uchafu wa kunata, kwanza kwa ajili ya ndege za kivita.

Kwenye kipimo cha Uviko

Maabara nyingi zilizopima Uviko-19 zilitegemea uso wa silika bila wagonjwa kujua. Ute wa puani huchanganywa na chumvi kali inayopasua virusi na kuvuruga maji yaliyozunguka vinasaba. Vinasaba hunata kwenye silika, uchafu unaoshwa, kisha maji yasiyo na chumvi yanaviachia vikiwa safi. Njia hiyo ilielezwa 1990 na watafiti wa Amsterdam wakiongozwa na René Boom. Tairi nyingi za gari za kisasa nazo zina silika ndani ya mpira, imeshikizwa kwa kuungana na silanoli zake, ili gari liteleze kidogo kwa petroli kidogo zaidi bila kupoteza mshiko kwenye lami yenye maji.

Jiwe lililopasuliwa sasa hivi

Sasa turudi kwenye vumbi.

Kwatzi ni silika iliyopangika kwa utaratibu, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo wachimbaji wa dhahabu hulifuata kwa sababu mara nyingi dhahabu imo humo. Likichorongwa au kupitishwa kwenye karasha, hutoa vumbi ambalo sehemu yake ni ndogo kuliko mikromita 5. Hiyo huioni. Vumbi unaloliona likikaa kwenye nyusi hukwama puani na kooni. Lile usiloliona ndilo linalofika mwisho kabisa wa mapafu.

Huko linakutana na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli inameza punje, inashindwa kuisaga, utando wake wa ndani unapasuka na seli inakufa. Punje inabaki huru, seli nyingine inakuja, nayo inakufa. Kila mzunguko unaita uvimbe, na uvimbe unaacha kovu. Kovu halipitishi hewa.

Dunia ililijua hili kwa gharama. Mwaka 1930 na 1931 huko Hawks Nest, West Virginia, Marekani, handaki la kupeleka maji ya mto kwenye mitambo ya umeme lilichimbwa kupitia mwamba wenye silika nyingi sana. Walichoronga bila maji ili kazi iende haraka. Wengi wa waliokuwa chini walikuwa Wamarekani Weusi waliofuata ajira kutoka kusini. Daktari Martin Cherniack, aliyepitia kumbukumbu miaka mingi baadaye, alikadiria vifo 764. Wengine waliugua baada ya miezi tu, si miaka.

Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika yenye mpangilio wa kristali kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Silika ya kipakiti haimo. Kwa hiyo kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mafupi: kristali ni mbaya, isiyo kristali ni nafuu.

Maelezo hayo yalikuwa na tundu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Torino, Italia, walitumia kwatzi iliyooteshwa maabara, yenye nyuso safi ambazo hazijawahi kupasuliwa. Ilikuwa kristali kamili, lakini haikupasua utando wa seli nyekundu za damu. Walipoisaga, ikaanza kupasua. Kumbe ukristali peke yake haukutosha kueleza. Kuna kitu kinazaliwa jiwe linapovunjika.

Mwaka 2020 walikitaja. Kwenye uso uliotulia, silanoli nyingi zimekaa karibu karibu na zinashikana zenyewe kwa vifungo vya hidrojeni, kama watu waliopeana mikono. Hazina haja na mgeni. Uso uliopasuka unaacha silanoli zilizotengana kidogo: hazijafikiana kiasi cha kushikana, wala haziko mbali sana. Nafasi kati yake ni kati ya sehemu 4 na 6 za bilioni kumi ya mita. Silanoli hizi, zilizo karibu huru, ndizo zinazoung'ang'ania utando wa seli na kuuchana.

Kwa hiyo ubaya wa vumbi hautegemei tu jiwe ni la aina gani. Unategemea pia limevunjwaje. Na anayelipata lingali bichi ni yule aliyeshika mashine.

Unga wa alumini

Wazo la kuziba uso wa silika si geni, na limewahi kutumika vibaya. Kwenye migodi ya Ontario, Kanada, kuanzia 1943 hadi 1979, wachimbaji walifungiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya zamu na kupuliziwa unga mweusi wa alumini wauvute. Waliambiwa utaifunika silika mapafuni na kuwakinga. Haukuwa hiari kwa wengi wao. Mwaka 2022 Ontario iliingiza ugonjwa wa Parkinson kwenye magonjwa ya kazini yanayohusishwa na unga huo.

Wanaojaribu leo wanaanzia kwenye jiwe, si kwenye mtu. Ulaya, unga wa kwatzi wa viwanda vya kauri umejaribiwa kupakwa kemikali zinazoungana na silanoli, karibu kama gundi ya fundi inavyoungana na kioo, na vipimo vya maabara vimeonyesha unaudhuru mwili kidogo zaidi. Australia ilichukua njia fupi: kuanzia Julai 1, 2024 ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni, ambayo mengi yalikuwa na silika zaidi ya asilimia 90, baada ya vijana wanaoyakata kuanza kuugua.

Mirerani hakuna wa kupaka mwamba

Kwa WanaApolo wanaoshuka kutafuta tanzanaiti Mirerani, au vijana wa karasha Geita, mwamba haupakwi kitu. Silikosisi huko ni ugonjwa unaojulikana, na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imekuwa ikiwapima wachimbaji wa Mirerani kifua kikuu pamoja na silikosisi. Magonjwa hayo mawili hupimwa pamoja kwa sababu mapafu yenye silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na dalili zinafanana: kikohozi kisichoisha, kukonda, kuishiwa pumzi. Mchimbaji anaweza kumaliza dawa za kifua kikuu na bado asipone kifua. Akifika hospitali, aseme wazi kwamba ameshawahi kuchoronga au kusaga mawe, hata kama aliacha miaka 10 iliyopita, kwa sababu makovu huendelea hata baada ya kazi kuisha.

Kitambaa au kofia ya kuvuta juu ya pua huzuia vumbi linaloonekana tu. Barakoa inayofaa ni ile ya kiwango cha N95 au FFP2 kwenda juu, iliyokaa sawasawa usoni; ndevu zikiachia upenyo, hewa inapita pembeni.

Kinachosaidia zaidi ni cha bei ndogo: maji. Mashine ya kuchoronga inayotiririsha maji kwenye ncha yake, mawe yaliyolowanishwa kabla ya karasha, sakafu iliyomwagiwa maji kabla ya kufagiliwa. Silanoli za vumbi bichi zinapenda maji kama zile za kwenye kipakiti, na punje iliyolowa inashikana na nyingine, inakuwa nzito, inaanguka chini kabla haijafika puani kwa mtu. Jiwe likishakuwa vumbi hewani, kumwaga maji kunasaidia kidogo. Yanatakiwa yawepo pale pale ncha inapogusa mwamba.